Diski Niliyoipaka Mafuta ya Mtoto

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisikilize hadi mwisho hata nikizunguka, maana kalamu sijaizoea sana, shule niliishia darasa la saba, na hapa ninapoandika mtoto kanilalia mapajani na mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi. Nina miaka ishirini na miwili. Mume wangu anabeba abiria kwa pikipiki. Mtoto wetu ana miezi kumi na ni mnene hasa, mtaa mzima unamwita Bonge, mimi nikawa Mama Bonge, basi na wewe niite hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni kwamba nimeharibu breki za pikipiki ya mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, na sasa yeye na kaka yake aliyemlea hawasemeshani, na chanzo ni mimi, na anayejua ni mimi peke yangu na sasa wewe.

Pikipiki yetu inalala kibarazani, kati ya jiko na beseni la nguo, na kila asubuhi mimi ndiye ninayeiosha wakati yeye anakunywa chai. Hakunilazimisha, naipenda kazi ile, nakuwa chini na ndoo yangu na mswaki uliokwisha meno, Bonge yuko mgongoni anapiga kelele zake, na baba yake anatuangalia kutoka mlangoni. Alinifundisha mwenyewe tulipooana, hapa piga sabuni, hapa usimwage maji, mnyororo ukishakauka upake oili kidogo kwa sababu adui wa pikipiki ni kutu. Aliniambia, "Mke wangu, ukiona wekundu popote, jua kuna chuma kinaliwa." Nikalishika neno hilo kama nilivyoshika hesabu ya kujumlisha.

Sasa mvua zilipoanza nikaona ile diski ya breki ya mbele, ile sahani ya chuma yenye matundu inayozunguka pamoja na gurudumu, inaamka kila asubuhi na wekundu mwembamba kama poda. Nikaona aibu, nikajiambia huu ni uzembe wangu, mnyororo naupaka na mwenzake nimemsahau. Oili ya mnyororo ni nyeusi, ingechafua rimu, ndipo nikachukua mafuta ya Bonge, yale ya maji ya kwenye chupa, nikadondoshea kwenye fulana yake iliyombana, nikaisugua ile diski huku na huku hadi nikaona pua yangu. Iling'aa, mshauri, iling'aa kama sahani ya mgeni. Nikafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku.

Mume wangu alisikia harufu akacheka, akasema, "Pikipiki yangu inanukia kama imetoka kunyonya." Hata mwalimu mmoja mjamzito ambaye ni abiria wake wa kila asubuhi alimwambia, "Leo umenibeba kwenye kliniki ya watoto." Tukacheka wote nyumbani. Hakuna aliyeuliza harufu inatoka wapi.

Siku ya tatu au ya nne breki zikaanza kupiga filimbi, halafu zikawa hazishiki. Mume wangu anabana mkono wa breki, mkono ni mgumu vizuri tu, ila pikipiki inaendelea na safari yake. Akaenda kwa shemeji. Shemeji ni kaka yake mkubwa, ana gereji ya kontena moja na turubai, watu wanamwita Taratibu kwa sababu hafungi bolti yoyote kabla hajaipangusa. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu wazazi walipofariki, akamfundisha kuendesha, na kila mchana alikuwa anakuja kula kwetu, anampakata Bonge, na Bonge anamvuta ndevu, na mtu mzima mwenye heshima zake anapiga kelele, "Nisaidieni, nauawa!"

Shemeji alifungua akaziangalia pedi za breki, vile vipande viwili vinavyoibana diski, akasema zimekuwa kioo, zinateleza, akafunga mpya. Zikashika vizuri hadi jioni. Kesho yake asubuhi mimi nikaosha na kupaka kama kawaida yangu, mchana filimbi ikarudi. Akarudi kwake. Shemeji akabadilisha mafuta ya breki yale ya kwenye kikopo cha juu, akatoa upepo ulionasa humo ndani, akafunga pedi nyingine. Akafunga na kijiwaya kwenye mguu wa mbele, ncha ikaikaribia diski, akazungusha gurudumu polepole aone kama diski imepinda, na diski haikuugusa ule waya hata mara moja. Mume wangu alinisimulia kwamba shemeji alikaa chini akasema, "Imenyooka. Mimi hii siielewi." Na mimi niliposikia hivyo, mshauri, nilizidisha mafuta, nikidhani naisaidia.

Siku mbili baadaye mume wangu aliugonga mkokoteni wa madumu ya maji kwa nyuma. Namshukuru Mungu alikuwa amekwisha kumshusha yule mwalimu. Goti lilichubuka, madumu mawili yakapasuka. Alitoka hapo moja kwa moja hadi gereji, na mimi nilikuwapo, na wateja kadhaa, nilikuwa nimepeleka chakula kwa sababu siku ile shemeji alikuwa na kazi nyingi.

"Kaka, hizi pedi unazitoa wapi?"

"Palepale ninapotoa zangu."

"Zako zinashika. Zangu hazishiki. Kwa hiyo nzuri unabaki nazo, bandia unampa mdogo wako?"

"Sema tena."

"Nimeshasema."

Shemeji aliipangusa spana iliyokuwa mkononi, hata kwa wakati ule aliipangusa, akaiweka chini. "Basi tafuta fundi mwenye macho," akasema. "Mimi yangu yameshiba."

Leo ni siku ya tisa hajaja kula. Bonge mchana anatambaa hadi mlangoni anakaa.

Usiku ule ule mume wangu aliniuliza, "Mama Bonge, unapoosha unagusa chochote kwenye breki?" Nikamjibu, "Mimi naosha tu." Wakati huo nilikuwa sijui bado, lakini moyo ulishtuka kidogo na nikaupuuza. Nilikuja kujua keshoye nilipompelekea shemeji chakula kwa siri. Kulikuwa na mteja anakula kitu cha kukaanga, akanyoosha vidole ashike diski mpya mezani, na shemeji ambaye huwa hapandishi sauti akafoka, "Toa mafuta yako hapo! Unataka uue mtu?" Nikaikumbuka chupa ya Bonge, mshauri. Niliweka bakuli chini nikarudi nyumbani sijaaga.

Tangu hapo sijapaka tena. Nimeiosha ile diski kwa sabuni ya vyombo mara tatu, lakini breki bado hazishiki vizuri, sijui kwa nini. Mume wangu anatumia zaidi breki ya nyuma na anaendesha kwa woga, na bado anambeba yule mwalimu. Muuza spea mmoja amemwambia diski imekwisha. Jumamosi anataka kwenda kwa mtu anayeuza vifaa vilivyofunguliwa kwenye pikipiki kuukuu, achukue diski na pedi zake, afunge mwenyewe. Nikamwambia ampitie kaka yake amchagulie, akanijibu, "Diski ni diski, ilimradi iwe duara."

Swali langu ndilo hili, na usinicheke. Nikinyamaza, akafunga diski nyingine na pedi nyingine, na mimi nikaacha mafuta yangu, breki si zitapona zenyewe? Yaishe bila mimi kutajwa? Naogopa nikisema atanikataza kuigusa pikipiki. Halafu shemeji alikuwa ameniahidi kwamba Bonge akianza kutembea atanifundisha kuuza spea pale kwenye kontena, kwa sababu anasema nina kumbukumbu nzuri ya vitu vilipokaa, na mimi hilo nimelibeba moyoni kuliko unavyodhani. Nani atamruhusu mtu aliyepaka breki mafuta ya mtoto auze breki? Lakini pia najua shemeji ameitwa mwizi na si mwizi. Nisaidie. Namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Mama Bonge

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Bonge mwanangu.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa breki haingoji gazeti litoke, nilikupigia palepale. Ulipokea kwa kunong'ona, nikakuambia neno moja tu: pikipiki isitoke hadi umwambie. Ukajibu, "Sawa mama." Baada ya saa moja ukaniandikia ujumbe kwamba haikutoka, kwa sababu alipoingia kuoga ulitoa upepo kwenye tairi la nyuma.

Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo. Tairi linajazwa kwa dakika mbili. Ulichokifanya ni kumchelewesha kidogo na kujiongezea siri ya pili, na ukiendelea hivi hadi Jumamosi utakuwa umeifungua pikipiki nzima ukaificha chini ya kitanda. Ndiyo maana majibu haya nakutumia kwenye simu leo leo. Gazetini yatatoka baadaye, yawafae wengine wanaopaka vitu wasivyoulizia.

Hukufanya ubaya, mwanangu, ulifundishwa nusu. Mumeo alikuambia kutu ni adui, akasahau kukuambia kwamba kwenye pikipiki nzima kuna chuma kimoja kinachotakiwa kibaki kikavu na uchi. Ule wekundu wa asubuhi kwenye diski si ugonjwa. Diski ikilowa usiku hupata wekundu mwembamba, na pedi zikiibana mara mbili tatu njiani zinaufuta wenyewe. Mafuta hayafutiki hivyo. Pedi zinayanywa. Kila ulipopaka, zilizidi kunywa, na ndiyo maana sabuni yako ya vyombo haikusaidia: uliosha sahani, ukaacha sifongo iliyojaa mafuta ikiendelea kuipangusa.

Sasa unisikilize kuhusu hiyo diski ya Jumamosi, maana nimemuuliza fundi wa pikipiki ambaye nywele zake zimegeuka nyeupe kwenye kazi hiyo, akanieleza kwa maneno hata mimi nikaelewa. Breki inapoumwa huwa inasema inaumwa wapi, ila watu hawaulizi, wanakimbilia dukani. Mkono wa breki ukiwa laini, unabonyea kama godoro, shida iko kwenye mafuta ya breki au kuna upepo ndani. Ukidunda mkononi mwako unapobana, kama unashika mpigo wa moyo, hapo diski imepinda. Ukipitisha ukucha kutoka katikati ya diski kwenda nje ukakwama kwenye ukingo, imelika. Ikiwa na madoa ya bluu, imeungua. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba mkono ni mgumu vizuri na pikipiki inaendelea na safari yake, na kwamba inapiga filimbi, na kwamba pedi mpya zinashika hadi utakapoosha asubuhi. Hayo ni mafuta ya Bonge, na diski haina kosa. Shemeji yako alishaipima kwa waya akaona imenyooka. Kilichomshinda ni kwamba hakujua kuna mtu anayeipikia kwa mafuta kila asubuhi.

Kwa hiyo diski isinunuliwe kabla haijapimwa. Karibu na matundu ya bolti kuna herufi ndogo zimegongwa kwenye chuma na namba mbele yake. Namba hiyo ni unene ambao diski isipungue chini yake, kwa milimita. Kaisome wewe, una macho mazuri na darasa la saba linatosha sana. Shemeji yako apime kwa kipimo chake sehemu kadhaa, asipime moja tu. Ikiwa bado nene kuliko hiyo namba, inasafishwa na kurudi kazini: dawa ya kusafishia breki au spiriti, kitambaa cheupe kipya, si fulana ya Bonge, anafuta hadi kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Pedi zote mbili zinatupwa. Asizichome moto, asizisugue kwa msasa azirudishe, zinatupwa. Na vile vibano vinavyozishika navyo visafishwe, kwa sababu mafuta yako yalikuwa mengi na sina shaka yamefika.

Ikionekana imelika, hapo ndipo mtanunua, na huyo anayesema diski ni diski mpeleke kwangu. Duara hata kifuniko cha sufuria ni duara. Mnaichukua ile ya zamani mkononi mnakwenda nayo dukani, mnazilaza moja juu ya nyingine: upana uwe sawa, tundu la katikati liwe sawa, matundu ya bolti yawe idadi ileile na yakutane bila kulazimishwa, na unene uwe ule wa pikipiki hiyo. Tundu likikataa kidogo, muuzaji atasema litatanuliwa kwa tupa, ile ya kukerezea chuma. Ondokeni. Iliyofunguliwa kwenye pikipiki kuukuu hamjui ilianguka na nani wala imelika kiasi gani, na mumeo anabeba mwanamke mwenye mtoto tumboni. Tena ujue, diski mpya inatoka kiwandani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, ndiyo, imepakwa, kama ulivyopaka wewe. Anayeifunga bila kuifuta anaanza safari na shida yako ileile. Kwa hiyo usiniulize nani atakuruhusu uuze breki. Unamjua muuza spea mwingine hapo mtaani atakayemshika mteja mkono na kumwambia, "Baba, futa kwanza"? Wewe utamwambia. Ila utaisubiri nafasi hiyo baada ya kusema ukweli, si kabla.

Maana umeniuliza kama ukinyamaza yataisha. Breki zitapona, ndiyo. Hiyo ndiyo hatari yake. Mumeo atafunga pedi za mtu mwingine, zitashika, na siku hiyo atakuwa amepata uthibitisho kwamba kaka yake alimuibia. Ataamini hivyo hadi wazeeke wote wawili. Wewe utakuwa unampikia mchana huku ukijua. Sidhani utaweza, maana barua yako ina mstari mmoja wa breki kwa kila mistari miwili ya shemeji yako.

Na hao wanaume nao niwaseme kidogo, watasoma. Baba Bonge, ulinusa pikipiki yako imegeuka mtoto mchanga, ukacheka, ukapanda. Ukamtuhumu kaka yako aliyekulea kabla hujauliza harufu. Na wewe Fundi Taratibu, ulifunga pedi mara mbili na hukuuliza hata mara moja nani anaiosha na kwa nini. Kabla ya kufungua kitu, uliza kinaoshwaje. Basi, yametosha.

Mama Bonge, fanya hivi, na ufanye leo. Usimwambie mumeo chumbani kwa sauti ya chini halafu umwachie yeye aende kuomba msamaha kwa kosa la kwako. Mwambie akiwa amekaa, Bonge akiwa mikononi mwake ili asisimame haraka. Mwambie kwa sentensi moja: "Nilikuwa naipaka diski mafuta ya mtoto kila asubuhi, nikidhani nazuia kutu, na tairi nalo nilitoa upepo mimi." Kisha nyamaza. Akicheka, mwache acheke. Akikasirika, mwache akasirike, yako usiyarudie mara kumi. Halafu mjaze tairi upepo, aikokote pikipiki kwa miguu, asiipande hata hatua moja, mwende nyote watatu hadi kontena, na chupa ya mafuta uibebe wewe. Mkabidhi shemeji yako mkononi, na sentensi ileile uirudie mbele ya wateja wake, kwa sababu aliitwa mwizi mbele ya wateja wake. Mumeo ana sentensi yake ya kusema, hiyo si yako, usimsaidie hata akikwama.

Kuosha pikipiki uendelee. Mumeo akikukataza, mwambie mimi nimekuruhusu, na akufundishe kwanza ni wapi pengine hapapakwi.

Shemeji yako akimaliza, mumeo asikimbilie barabarani. Pedi mpya lazima zizoeane na diski. Atajaribu hapohapo mbele ya gereji, mahali tambarare, akiwa peke yake, mwendo mdogo, anabana polepole bila kusimama kabisa, anaachia, anabana tena, mara ishirini, kisha anaongeza mwendo kidogo na kurudia. Wakati huo wewe simama pembeni ya shemeji yako, umpakatishe mtoto, na mhesabu pamoja kwa sauti hadi ishirini.